Nani mkuu wa Serikali: Rais au Waziri Mkuu?

Swali: Mimi ni mwalimu wa somo la Uraia katika sekondari moja mkoani Morogoro. Wanafunzi wangu wamenibana kwa maswali ambayo sikuweza kuyamaliza. Wamesikia kwamba mwaka 2022 Uingereza ilikuwa na mawaziri wakuu watatu ndani ya miezi miwili bila wananchi kupiga kura, na wanakumbuka kwamba hapa kwetu Rais alipofariki mwaka 2021 aliyeapishwa hakuwa Waziri Mkuu bali Makamu wa Rais. Wanauliza kama mawaziri wakuu wa nchi mbalimbali wana kazi moja au wanachangia jina tu. Pili, mkuu wa Serikali ya Tanzania ni nani hasa? Nina vitabu viwili, kimoja kinasema Rais, kingine kinasema Waziri Mkuu. Na tatu, je, Rais wa chama kimoja anaweza kulazimika kufanya kazi na Waziri Mkuu wa chama kingine?

Jibu: Mwalimu, nianze na vitabu vyako viwili, kwa sababu hapo jibu ni fupi: kinachosema Rais ndicho sahihi. Ibara ya 33 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ndogo ya pili, inampa Rais vyeo vitatu kwa mkupuo mmoja: Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Kitabu kingine nadhani kimejikwaa kwenye ibara ya 52, inayosema kwamba Waziri Mkuu atakuwa Kiongozi wa shughuli za Serikali Bungeni. Mwandishi ameona "Kiongozi", ameona "Serikali", akafunga ukurasa, akayaacha maneno yanayobeba uzito wote, yaani "shughuli" na "Bungeni". Ziandike sentensi hizo mbili ubaoni, moja chini ya nyingine, uwaambie wanafunzi wazisome kwa sauti. Wataona wenyewe kwamba mmoja anaongoza Serikali, na mwingine anaongoza kazi za Serikali hiyo ndani ya ukumbi mmoja ulioko Dodoma.

Hilo lisikufanye umwone Waziri Mkuu wetu kuwa karani. Ibara hiyohiyo ya 52 inamkabidhi udhibiti, usimamiaji na utekelezaji wa "siku hata siku" wa kazi za Serikali. Naupenda msemo huo, kwa sababu unachora mpaka vizuri kuliko maelezo marefu ya wanasheria: Rais anaamua mwelekeo, na Waziri Mkuu anahakikisha kwamba Jumatatu asubuhi mwelekeo huo umegeuka kuwa barua, fedha na ziara ya ukaguzi. Lakini ibara inaendelea kusema kwamba atatekeleza, au atahakikisha linatekelezwa, jambo lolote ambalo Rais ataliagiza, na ibara ya 53 inatamka bila kuzunguka kwamba katika hayo yote atawajibika kwa Rais. Kikao cha Baraza la Mawaziri kinaongozwa na Rais. Rais asipokuwapo kinaongozwa na Makamu wake. Waziri Mkuu anakalia kiti hicho wawili hao wote wasipokuwapo.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza, ambalo ndilo pana. Kila dola ina kazi mbili za juu, ambazo zinaweza kushikwa na mtu mmoja au kugawanywa kwa wawili. Moja ni kuiwakilisha nchi yenyewe: kupokea hati za mabalozi, kutia saini sheria, kukagua gwaride, kusamehe wafungwa. Nyingine ni kuendesha Serikali: kuamua kodi ipande au ishuke, barabara ipi ianze kujengwa, waziri yupi aondoke. Uingereza imezigawa. Mfalme Charles wa Tatu ana ile ya kwanza, Waziri Mkuu ana ya pili. Hakuna Mwingereza anayepewa karatasi ya kura yenye orodha ya wagombea uwaziri mkuu. Kila mpiga kura anachagua mbunge wa jimbo lake, na anayeungwa mkono na wabunge walio wengi ndiye anayeitwa na Mfalme kuunda Serikali. Kwa hiyo Boris Johnson alipoachwa mkono na watu wa chama chake mwenyewe, chama kilimweka Liz Truss, ambaye hakufikisha hata siku 50, kisha Rishi Sunak. Wananchi hawakuitwa vituoni kwa sababu Bunge walilolichagua lilikuwa bado lipo. Waliitwa Julai 2024. Wanafunzi wako wanaliona jambo hilo kuwa la ajabu kwa kuwa wanalipima kwa kipimo cha urais, ambao ni mkataba wa moja kwa moja kati ya mtu mmoja na wapiga kura wa nchi nzima.

Kwa uzoefu wangu, njia ya haraka ya kujua nani ana nguvu katika nchi yoyote ni kuuliza ushauri unamfunga nani. India ina Rais na ina Waziri Mkuu, kama sisi. Lakini Katiba ya India, katika ibara ya 74, inasema Rais atatenda kwa kufuata ushauri wa Baraza la Mawaziri linaloongozwa na Waziri Mkuu. Anaweza kuwataka waufikirie upya mara moja, na wakiurudisha vilevile anaufuata. Fungua Katiba yetu, ibara ya 37, utakuta kinyume chake kabisa: Rais wa Tanzania yuko huru na halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale ambapo Katiba au sheria inamtaka afanye hivyo. Hata mawaziri anawateua baada ya kushauriana na Waziri Mkuu, na kushauriana si kukubaliana. Ndiyo maana watu wengi wa nje wanamjua Narendra Modi kuliko Rais wa India, na wanawajua marais wetu kuliko mawaziri wakuu wetu. Ethiopia nayo iko upande wa India: yupo Rais, lakini anayeendesha nchi tangu mwaka 2018 ni Waziri Mkuu Abiy Ahmed.

Kipimo cha pili, ambacho kwangu kina uzito zaidi, ni kuuliza nani anaweza kumwondoa nani. Hapa Waziri Mkuu wa Tanzania ana hali ya pekee, kwa sababu ana mabwana wawili. Wa kwanza ni Rais anayemteua, ndani ya siku 14 tangu aapishwe, kutoka miongoni mwa wabunge waliochaguliwa majimboni. Mbunge wa viti maalumu au wa kuteuliwa hafai kwa cheo hicho. Wa pili ni Bunge, ambalo lisipothibitisha jina hilo kwa kura za walio wengi, mtu huyo hashiki madaraka. Novemba 2015, wiki mbili baada ya John Magufuli kuapishwa, bahasha iliyofungwa ililetwa ukumbini Dodoma na kukabidhiwa kwa Spika Job Ndugai, aliyeifungua na kulisoma jina lililokuwamo: Kassim Majaliwa, mbunge wa Ruangwa. Wabunge walipiga kura, akapata 258 kati ya 351. Angalia jinsi tendo hilo lilivyo na pande mbili: jina linatoka kwa Rais akiwa peke yake, tena kwa siri, lakini haliwi kitu mpaka wabunge walipigie kura.

Bunge lililomthibitisha linaweza pia kumwangusha. Ibara ya 53A inaruhusu hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, ikiwa imetiwa saini na wabunge wasiopungua asilimia 20 na taarifa imefika kwa Spika siku 14 kabla. Haiwezi kuletwa kabla ya miezi sita kupita tangu ateuliwe. Ikipita kwa kura za wabunge walio wengi, anatakiwa ajiuzulu ndani ya siku mbili. Linganisha na Rais: kumshtaki bungeni chini ya ibara ya 46A kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, kamati maalumu ya uchunguzi, na makosa yaliyotajwa. Waziri Mkuu anaweza kuondolewa kwa sababu wabunge hawaridhiki na jinsi anavyotimiza wajibu wake. Rais hawezi.

Hoja hiyo haijawahi kumwondoa Waziri Mkuu yeyote kwetu, ingawa mwaka 2012 wabunge walizungusha karatasi ya saini dhidi ya Mizengo Pinda, na baada ya muda mfupi Rais Jakaya Kikwete akabadilisha mawaziri. Lakini tukio linaloonyesha vizuri zaidi cheo hiki kilivyo ni la Februari 2008. Kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ilisoma taarifa yake kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond. Edward Lowassa, Waziri Mkuu, alisimama bungeni akalalamika kwamba kamati haikumhoji, na akatangaza kwamba amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu. Mawaziri wengine wawili waliotajwa walifuata. Kisha likatokea jambo ambalo wananchi wengi hawakulitarajia: Baraza zima la Mawaziri likavunjika, pamoja na mawaziri ambao hawakuwa na habari na umeme wala mkataba. Halikuvunjika kwa hasira za mtu. Katiba inasema kiti cha Waziri Mkuu kikibaki wazi, mawaziri wote wanapoteza nafasi zao, kwa sababu wao chini ya uongozi wake wanawajibika bungeni kwa pamoja. Siku iliyofuata jina la Pinda lilifikishwa bungeni, likathibitishwa, na Serikali mpya ikaundwa. Rais hakutikisika kwenye kiti chake.

Hapo, Mwalimu, ndipo mimi ninapoona kazi halisi ya Waziri Mkuu wa Tanzania. Rais wetu si mbunge. Haketi bungeni, na haulizwi maswali humo. Wabunge wanahitaji mtu wa kumbana, na mtu huyo ni Waziri Mkuu, kila Alhamisi ya kikao, katika kipindi cha maswali ya papo kwa papo. Mambo yakiharibika kiasi cha kudai mtu aondoke, ni yeye anayeondoka, na Serikali inaanza upya bila uchaguzi mkuu. Kwa lugha ya nyumbani, yeye ndiye kizuizi cha upepo. Uingereza hakuna wa kumkinga Waziri Mkuu: anayeamua ndiye anayesimama Jumatano mchana kujibu, na ndiye anayeanguka.

Unaweza kuuliza tulifikaje hapa, maana tulianza na mfumo wa Kiingereza mtupu. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru Mwalimu Julius Nyerere akiwa Waziri Mkuu, na Mkuu wa Nchi alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili, aliyewakilishwa na Gavana Mkuu, Sir Richard Turnbull. Januari 1962 Nyerere alijiuzulu ili akijenge chama cha TANU, akamwachia Rashidi Kawawa. Tarehe 9 Desemba 1962 nchi ikawa Jamhuri, kazi zile mbili zikaunganishwa mikononi mwa Rais, na cheo cha Waziri Mkuu kikafutwa. Kilirudishwa Februari 1972, kikapewa Kawawa yuleyule, lakini mzigo uliorudi si ule ulioondoka: yule wa 1962 aliongoza Serikali, huyu wa 1972 alimsaidia anayeiongoza. Ukubwa wake tangu hapo umetegemea sana kiasi anachoaminiwa na Rais wake. Edward Sokoine alipoongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi mwaka 1983, nchi nzima ilimhisi, na hakuna ibara iliyokuwa imebadilishwa kumwongezea nguvu.

Kuhusu Makamu wa Rais, wanafunzi wako wako sahihi kutatizika, kwa sababu zamani vyeo hivyo viliwahi kukutana katika mtu mmoja. Wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyetoka Zanzibar, Joseph Warioba na baadaye John Malecela walikuwa Waziri Mkuu na papo hapo Makamu wa Kwanza wa Rais. Tangu uchaguzi wa 1995 Makamu anapigiwa kura pamoja na Rais, akiwa mgombea mwenza kutoka upande mwingine wa Muungano. Magufuli alipofariki tarehe 17 Machi 2021, ibara ya 37 haikuacha nafasi ya mjadala: Samia Suluhu Hassan aliapishwa tarehe 19 kumalizia muhula, naye Majaliwa aliendelea na uwaziri mkuu wake. Mantiki yake ni kwamba urais unatoka kwenye kura za nchi nzima, kwa hiyo unarithiwa na aliyekuwa kwenye karatasi hiyohiyo ya kura, na Majaliwa alitokana na jimbo la Ruangwa na kura za wabunge tu.

Majirani zetu wametufundisha kwa machungu kinachotokea mpaka huo usipochorwa vizuri. Kongo ilipata uhuru Juni 1960 ikiwa na sheria ya msingi iliyotungwa na Bunge la Ubelgiji, yenye Rais, Joseph Kasa-Vubu, na Waziri Mkuu, Patrice Lumumba. Sheria ilimpa Mkuu wa Nchi uwezo wa kumteua na kumwondoa Waziri Mkuu, kwa mfano wa Mfalme wa Ubelgiji, ambaye kwa desturi hautumii uwezo huo kwa utashi wake. Kongo haikuwa na desturi hiyo. Jioni ya tarehe 5 Septemba Kasa-Vubu alitangaza redioni kwamba amemfukuza Lumumba. Lumumba naye akaenda redioni kutangaza kwamba amemfukuza Kasa-Vubu. Wabunge walikataa tangazo la pande zote mbili. Tarehe 14 Kanali Mobutu akasema amewaweka wote pembeni, na Januari 1961 Lumumba aliuawa. Uganda nayo ilikuwa na Kabaka Mutesa wa Pili kama Rais asiye mtendaji na Milton Obote kama Waziri Mkuu. Mwaka 1966 Obote alitwaa madaraka yote, jeshi likalivamia kasri la Kabaka, na mfalme akakimbilia Uingereza.

Kenya ilijaribu kwa amani zaidi. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa Desemba 2007, makubaliano ya tarehe 28 Februari 2008 yaliyosimamiwa na Kofi Annan yalimpa Raila Odinga cheo cha Waziri Mkuu mwenye mamlaka ya kuratibu na kusimamia shughuli za Serikali, na Rais Mwai Kibaki hakuwa na uwezo wa kumfukuza. Lakini kusimamia ni neno pana. Februari 2010 Odinga alitangaza kuwasimamisha kazi mawaziri wawili kwa miezi mitatu. Saa chache baadaye Kibaki akatangaza kwamba wanaendelea na kazi. Mawaziri hao walibaki ofisini, na kila Mkenya akawa amejua mpaka uko wapi. Katiba waliyoipitisha mwaka huohuo haina Waziri Mkuu kabisa, na cheo kilikufa mwaka 2013.

Nimefika kwenye swali lako la tatu, la Rais wa chama kimoja kufanya kazi na Waziri Mkuu wa chama kingine. Ufaransa limewatokea mara tatu: mwaka 1986 hadi 1988, mwaka 1993 hadi 1995, na kwa kirefu zaidi mwaka 1997 hadi 2002, Rais Jacques Chirac alipolazimika kufanya kazi na Lionel Jospin wa chama pinzani kwa sababu wabunge walio wengi walikuwa upande wa Jospin. Kule inawezekana kwa kuwa Katiba yao inasema Serikali ndiyo inayoamua na kuendesha sera ya taifa, na Serikali hiyo inaishi kwa hisani ya Bunge. Desemba 2024 wabunge walimwangusha Michel Barnier baada ya miezi mitatu tu. Rais akipoteza Bunge, anabaki na usemi mkubwa katika ulinzi na mambo ya nje, na ya ndani yanahamia kwa Waziri Mkuu.

Tanzania halijatokea, maana tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992 chama kimoja kimeshinda urais na wingi wa viti bungeni kila mara. Lakini maandishi yapo. Ibara ya 51 inamtaka Rais amteue Waziri Mkuu kutoka chama chenye wabunge wengi zaidi, si kutoka chama chake yeye. Basi tuseme siku moja Rais anatoka chama kimoja na Bunge likawa la kingine. Waziri Mkuu huyo angeketi katika Baraza linaloongozwa na Rais, kati ya mawaziri walioteuliwa na Rais, akipokea maagizo ambayo ibara ya 52 inamlazimu kuyatekeleza, na ushauri wake usingemfunga mtu. Jospin asingekubali kazi hiyo. Hata hivyo angekuwa na jambo moja ambalo Rais hawezi kumnyang'anya kirahisi: akimfukuza, Rais angelazimika kuteua mwingine kutoka chama kilekile, na bahasha yenye jina hilo ingerudi Dodoma kupigiwa kura na wabunge walewale.